Nilimwongoza dereva kwa kiuno

Kosa ni langu. Si la dereva, si la kamyo. Nalisema leo kwa sababu huku Carama ninakokaa bado kuna watu wanaomsema vibaya dereva huyo, Jérôme.

Nafanya kazi kwenye machimbo ya mawe, nje kidogo ya Bujumbura. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya makamyo na kuwaongoza madereva kwa mikono wanaporudi kinyumenyume kupakia kokoto. Mkono juu, rudi. Mikono miwili mbele, simama. Kutwa nzima, vumbi na jua.

Mi nikachoka. Na Mzee Hamadi, dereva wetu wa siku nyingi, alikuwa mutu wa kucheka. Tukatengeneza ishara zetu. Nikitikisa mabega, anarudi. Nikizungusha kiuno, anasimama papo hapo. Wanaume wanaacha koleo, wanapiga makofi. Nilijiona malkia.

Siku moja Mzee Hamadi akaugua. Akaletwa Jérôme, mutu mupole kutoka Ngagara, mgeni kabisa pale. Nilijua natakiwa kutumia ishara za kawaida. Lakini makofi yalikuwa yameshaanza, nami sikutaka kuwaangusha watu wangu.

Kamyo ikarudi. Shefu wetu alikuwa amesimama kando ya rundo la kokoto. Nikazungusha kiuno. Jérôme akatabasamu kwenye kioo, akaendelea kurudi. Nikazungusha zaidi. Akazidi kuja. Nilipokumbuka kwamba nina mikono, tairi ilikuwa imeshapanda mguu wa shefu. Ule ukelele wake nausikia hadi leo.

Wakubwa wakatuita. Jérôme akasema, "Mi sikuona ishara ya kusimama."

Wakanigeukia. "Mama Kevin, ulimuonyesha?"

"Ndiyo, nilimuonyesha."

Sikusema nilimuonyesha na nini. Wenzangu waliopiga makofi wote wakaangalia chini. Jérôme akafukuzwa.

Wiki tatu zikapita. Mwishowe nikaenda kwa shefu nyumbani. Nikamkuta ameweka mguu wenye plasta juu ya kiti, mke wake anamimina chai.

"Shefu, nisamehe. Ile siku mi sikuonyesha mkono. Nilikuwa nacheza."

Akashusha pumzi. "Najua, Mama Kevin. Unafikiri kwa nini sikuona kamyo inakuja? Mi nami nilikuwa naangalia."

Mke wake akaacha kumimina. "Ulikuwa unaangalia nini?"

Shefu akafunga macho kama mutu ambaye mguu umemuuma ghafla. Mi nikaaga haraka.

Jérôme amerudishwa kazini. Hanisalimii, na ana haki. Mi nimeondolewa kwenye makamyo, sasa nafagia ofisi. Shefu anachechemea, na daktari amemwambia vidole viwili havitakunjika tena. Hapo sicheki.

Ndugu zangu mnaoongoza magari kazini, dereva hana macho mgongoni, macho yake ni ninyi. Simameni sawa, onyesheni mikono. Mwenye kutaka kucheza asubiri arusi.