Dakika Moja na Nusu za Si Bassou

Nilikaa miaka ishirini na sita kwenye meza ndogo iliyo chini ya kiti cha Spika, hapa Rabat, nikiandika kila neno linalosemwa bungeni. Hotuba za wakubwa nimeziandika nyingi, na leo ukiniuliza sikumbuki hata moja. Ninazozikumbuka ni za Si Bassou Ouhaddou wa upinzani ("Si" kwetu ni kama kusema Bwana), ambaye katika miaka yake mitano, ukijumlisha maneno yake yote, hakufikisha muda wa kuivisha sufuria moja ya maharage.

Si Bassou alikuwa mchanja mifugo. Kwao ni Aït Wargan, milimani, na kwa miaka ishirini alikuwa kiguu na njia na nyumbu wake, akiwadunga sindano kondoo na mbuzi wa watu. Siasa hakuijua. Mwaka ule wa uchaguzi matajiri wawili wa kule walikuwa wakigombea kiti, na walichukiana hata wakasahau kwamba kuna wagombea wengine. Chama kimoja kidogo cha upinzani, ambacho alama yake ni ungo, kilikuwa kinatafuta jina lolote la kujaza karatasi. Mjumbe wao alimkuta Si Bassou siku ya chanjo, akakunja mikono ya shati, akamsaidia kushika kondoo mpaka jua likazama. Si Bassou akaona haya kumkatalia mtu aliyepigwa mateke na kondoo wote wale.

Kura zilipohesabiwa, matajiri wameangushana na ungo umepita katikati yao.

"Umetoka hapa asubuhi kuchanja mbuzi," mkewe, Lalla Itto, yaani Bibi Itto, alimwambia, "unarudi mbunge?"

"Hata mimi nimeshtuka, Itto."

Chama cha Ungo kilikuwa na wabunge watatu. Sasa, muda wa kusema hugawiwa kwa ukubwa wa chama, na hao watatu waliangukiwa na dakika moja na nusu kila mmoja, mara moja kwa mwezi. Dakika moja na nusu ikiisha, taa nyekundu inawaka na kipaza sauti kinakatika, hata kama uko katikati ya neno.

Jumatatu yake ya kwanza Si Bassou alisimama amevaa jelaba jipya, karatasi mkononi. Akamsalimia Spika. Akamuuliza hali ya nyumbani kwake. Akawasalimia mawaziri, akawaombea wazee wao waliotangulia. Akawasalimia wabunge wa mbele, wa nyuma, wa kulia, wa kushoto. Akaomba mvua. Akasema, "Ama baada ya hayo, Mheshimiwa Spika, watu wa Aït Wargan wamenituma..." Taa ikawaka.

Ukumbi mzima ulicheka. Kikao kilipokwisha alinijia mezani, jasho linamtoka.

"Lalla Zhor, swali langu umeliandika?"

"Hukuuliza swali, Si Bassou."

"Nilikuwa nalikaribia."

Magazeti ya kesho yake yalimwita Mbunge wa Salamu. Lakini kwao, ambako kikao walikitazama kwenye televisheni ya duka la mchinjaji, walijaa furaha. Lalla Itto alimpigia simu: "Wazee wanasema tangu tupeleke watu huko Rabat, wewe ndiye wa kwanza kutuletea heshima. Umesalimia, mpaka mama yako amelia."

Mwezi uliofuata, kwa kuogopa taa, aliruka salamu zote akaingia moja kwa moja: "Mheshimiwa Spika, mto wetu Azegza hauna daraja. Ukijaa, watoto hawaendi shule na wagonjwa hawafiki hospitali. Daraja linajengwa lini?" Sekunde kumi na nane. Waziri anayehusika na madaraja akasimama, akasoma kwenye karatasi: "Utafiti unaendelea."

Jioni simu ikalia.

"Bassou, umefanya nini?" Ni Lalla Itto. "Umeingia nyumba ya watu bila hodi! Mama yako amejifungia chumbani. Anasema huyo si mwanawe, ni mtu wa mjini."

Alikaa wiki nzima anawaza. Mwisho akapata njia yake. Kuanzia mwezi wa tatu alifika ukumbini saa nzima kabla ya kikao, akapita kiti kwa kiti, upinzani na serikali, akampa kila mtu mkono na kumuuliza hali ya wanawe. Kikao kilipoanza alikuwa amemaliza adabu zote, na dakika moja na nusu ilibaki nzima kwa ajili ya mto. Watu waliokuwa wakimcheka walianza kumngojea. Mbunge mmoja wa serikali, ambaye na wabunge wa upinzani walikuwa hawasalimiani tangu bajeti ya mwaka uliopita, alimshika Si Bassou mkono akamweleza jinsi mbuzi wa mama yake asivyotoa maziwa, na Si Bassou akamwandikia dawa nyuma ya ajenda ya siku.

Ila mto ulikuwa palepale. Kila mwezi aliuliza kwa namna nyingine. Aliuliza kwa upole, kwa takwimu, kwa methali. Siku moja alileta picha ya mto umejaa, akaambiwa kanuni haziruhusu picha. Na kila mwezi waziri alijibu, "Utafiti unaendelea." Ikafika mahali nikalitengenezea jibu hilo alama yake, kistari kimoja tu cha kalamu, nipumzishe mkono.

Mwaka wa nne Si Bassou alisimama akasema: "Mheshimiwa Spika, leo sina swali, nina mwaliko. Huyu mtaalamu anayefanya utafiti kwetu tumhurumie. Yuko mtoni miaka minne, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwona. Je, halali usingizi? Hali chakula? Naomba Waziri anitajie jina lake, mke wangu amchinjie kuku."

Hata mawaziri walicheka. Uso wa Waziri ukaiva kwa hasira. Akaweka karatasi chini, akasema kwa ukali, "Mtaalamu wetu yuko Azegza hata sasa tunapozungumza, anapima mto hatua kwa hatua!"

Kipaza sauti cha Si Bassou kilikuwa kimeshakatika, lakini mtu aliyezoea kuita wachungaji ng'ambo ya bonde hahitaji mashine. "Anakula kwa nani?" alipaza sauti, na mimi nikaandika.

Ijumaa akashika basi kurudi kwao. Aliuliza kila nyumba ya pande zote mbili za mto. Hakuna aliyemwona mtaalamu, wala hata kofia yake. Mwishowe muuza chumvi mmoja akasema, "Si Bassou, kuna Azegza nyingine nyuma ya mlima, kwa Aït Tmim. Huko kuna jamaa na kijiti cha kupimia. Ni mtu wa siku nyingi."

Akapanda nyumbu. Siku mbili baadaye alimkuta: mtu mnene wa makamo, amekaa chini ya mwavuli, anakula zeituni. Kulia kwake kulikuwa na daraja la mawe la zamani, kushoto daraja jipya la zege. Mazungumzo yao Si Bassou alinisimulia mara nyingi, na kila mara alisimulia vilevile.

"Salamu alaikum. Wewe ndiye utafiti?"

"Ndiye mimi. Karibu, ami. Zeituni?"

"Ahsante. Mwanangu, haya madaraja mawili umeyaona?"

"Sana. Nimeyaandika kwenye ripoti ya kwanza. Nikasema hapa daraja halihitajiki. Wakanijibu kwamba bungeni kuna mtu anauliza kila mwezi, kwa hiyo niendelee."

"Mtu huyo ni mimi."

Yule bwana akasimama, akamkumbatia. "Mungu akuweke! Mimi nina kazi kwa ajili yako!"

"Lakini mto wangu ni mwingine! Miaka minne hujauliza?"

"Karatasi inasema Azegza, na hapa ni Azegza. Halafu, ami, nitaondokaje? Nimeoa hapa. Mtoto wa pili anaota meno."

Si Bassou alilala kwao siku hiyo, akambariki mtoto, na kabla ya kuondoka akawachanja mbuzi wa mke wa mtaalamu.

Jumatatu iliyofuata ya zamu yake, ukumbi ulijaa, maana alipokuwa akipeana mikono alimwambia kila mtu, "Usitoke, nina habari." Akasimama.

"Mheshimiwa Spika, mtaalamu nimempata. Mzima, anawasalimu. Ameoa."

Kicheko.

"Yuko mto mwingine."

Hapo ukumbi ulipasuka. Nikatazama saa: sekunde arobaini zilipita watu wanapiga meza. Si Bassou akanyoosha mikono, anaomba kwa uchungu wa kweli: "Msicheke, jamani! Mnanilia dakika zangu!" Wakazidi kucheka.

Katikati ya kelele hizo akainuka Haji Mfadel Bentahila, mbunge wa chama tawala, mwakilishi wa Aït Tmim, amekasirika hasa. "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Utafiti huo ni wetu! Daraja la tatu ni haki ya Aït Tmim, na hatukubali mtu kutunyang'anya!"

Waziri alimtazama Haji Mfadel kama mtu anayemtazama ndugu yake akimwaga mchuzi mbele ya wageni. Maana sasa kosa la mto limethibitishwa na mtu wa serikali yenyewe, na mimi nimeshaliandika.

Spika akasema, "Mheshimiwa Bassou, una sekunde kumi na tano."

Si Bassou akaitazama taa. Akasema polepole, kana kwamba muda anao: "Mwezi wa pili binti wa dada yangu alikuwa anakwenda kuolewa ng'ambo. Katikati ya maji nyumbu aligoma, akageuka naye. Mpaka leo yuko kwao na nguo zake za harusi." Akakaa. Taa ikawaka baada ya yeye kukaa, mara ya kwanza tangu ile siku ya sekunde kumi na nane.

Waziri alisimama bila karatasi. Alikohoa, akasema, "Nitaliangalia mwenyewe." Kwa maneno hayo sikuwa na alama yoyote, nikayaandika kwa kirefu, herufi kwa herufi.

Na akaliangalia. Daraja la Aït Wargan lilijengwa kwa miezi kumi na moja. Siku ya ufunguzi, wiki tatu kabla ya uchaguzi, aliyekata utepe alikuwa Haji Mfadel, ambaye safari hii alikuwa amehamia kugombea kiti cha Aït Wargan, na alitoa hotuba ya dakika hamsini kuhusu jinsi alivyolipigania. Si Bassou hakupewa kiti. Alisimama nyuma, ameshika hatamu za nyumbu wa jirani, maana mnyama huyo aliogopa ngoma. Binti wa dada yake alivuka siku hiyohiyo kwa miguu, viatu mkononi, visije vikachafuliwa na rangi mbichi.

Uchaguzi akashindwa kwa kura mia tatu na kumi. Watu walimwambia bila kificho: "Si Bassou, wewe ni mtu mwema, lakini ulikuwa unasema tu. Yule katuletea daraja."

Nilipostaafu nilikwenda kuwatembelea. Lalla Itto alituwekea chai na mkate wa moto, akakaa nasi. Nikamuuliza Si Bassou kama yale maneno ya watu yalimuuma.

"Siku tatu," alisema. "Siku ya nne ndui iliingia kwenye mbuzi wa mchinjaji, nikawa sina nafasi."

"Muongo," Lalla Itto akasema, akimmiminia chai. "Wiki mbili. Na usiku na mchana, Lalla Zhor, alikuwa ananilalamikia mimi, wala sina taa nyekundu ya kumwashia."