Gari Linalala Wapi

Watu wetu wakija kukata bima huanza kwa kunificha jambo. Si wabaya. Wamesikia kwamba kampuni za bima hutafuta sababu ya kutolipa, basi nao huona heri kusema machache, kama mtu anayehojiwa na askari. Mimi huwamiminia chai nikawaambia: mimi ni wakala tu, nimekaa kati yako na kampuni, na ukinificha mimi siwezi kukutetea. Wengine hucheka wakamwaga yote. Wengine hunywa chai, wakashukuru, wakashuka ngazi na siri yao.

Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, Acocks Green, Birmingham, karibu na stesheni. Harufu ya gundi hupanda mpaka mezani kwangu. Hapo ndipo alipokaa shemeji yangu, yaani mume wa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani Unguja, siku alipokuja kulikatia bima gari lake la jokofu.

Yeye na mkewe wana duka Saltley. Wanauza unga wa muhogo, dagaa, nguru wa barafu, nazi iliyokunwa. Baada ya muda waligundua kwamba wateja wao wenye njaa zaidi hawako Birmingham. Wako kaskazini kabisa ya Uskochi, kwenye vijiji vyenye viwanda vya samaki na nyumba za kulea wazee. Kuna Watanzania huko, kuna Wakenya, kuna Wakongo, na hakuna duka la kununua hata muhogo mmoja. Basi shemeji akanunua gari, akawa analilaza kwenye yadi ya kukodi Tyseley, na kila baada ya wiki mbili anapanda nalo kaskazini.

Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyomweleza kila mtu. Gari la biashara linalokwenda kwenye baridi kali halihesabiwi sawa na linalozunguka mjini. Kule theluji hufunga barabara. Kulungu hutoka msituni wakasimama mbele ya taa. Likiharibika, gari la kulivuta hutoka mbali. Hata dizeli hubadilika. Umeona mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa jikoni mwako mwezi wa kwanza? Dizeli nayo, baridi ikizidi, hushika utandu namna hiyo, na injini haipati kitu cha kunywa. Ndiyo maana kampuni huuliza gari linabeba nini, na nani analiendesha. Kisha huja swali ambalo watu hulidharau: usiku linalala wapi?

"Linalala Tyseley," alisema.

"Na ukiwa kule juu?"

"Popote penye maegesho ya malori, dada. Leo hapa, kesho pale. Mimi mwenyewe nalala mle ndani."

Nikaandika hivyo. Kampuni ikakubali, kwa sharti la kufunga kisanduku cha kufuatilia gari chini ya usukani. Shemeji alikitazama kile kisanduku kama mtu anayetazama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Baridi ya mwaka ule ilipokuwa katikati, rafiki yangu alipanda ngazi zangu kwa kishindo, hata fundi viatu akatoka kutazama.

"Shoga, gari yetu ina nyumba."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Bibi wa kampuni kanipigia dukani, na adabu zake zote. Ati gari lenu safari zote hizi linalala mahali pamoja, nje ya kijiji, mbona hamkupasema? Nami nikamjibu ndiyo, ndiyo, kama ninayejua."

"Pengine ni maegesho."

"Maegesho yana jiko? Mwenzangu, nguo zake zinarudi zinanuka moshi wa kuni. Halafu kuna tambuu."

Nikamwuliza tambuu gani. Akaniambia kwamba mumewe, ambaye tangu amjue hajapata kutafuna tambuu, amekuwa akinunua majani na popoo hapa mjini, Alum Rock Road, kila kabla ya safari, na kuyaficha chini ya kiti.

"Sasa nani kule barafuni anatafuna tambuu?" aliuliza.

"Sijui."

"Mimi najua. Mama mkwe! Kijana wa kike wa siku hizi hatafuni tambuu, anayetafuna ni mamake. Na mwanamume akishafika kumpelekea mama mkwe tambuu, shoga, ndoa ilishafungwa zamani, sisi tunasubiri kuambiwa tu."

Nilimtuliza kadiri nilivyoweza, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kuungana naye. Nilikumbuka jinsi shemeji alivyokuwa akizungumzia safari za mwezi wa kwanza kwa furaha, wakati madereva wengine huzilaani. Nikawaza mke. Nikawaza sigara za magendo. Ukishamshuku mtu, hata salamu yake huipima.

Alipoondoka niliipigia kampuni. Walisema walichomwambia yeye, na zaidi: mahali gari linapolala pasipoelezwa ifikapo Ijumaa, wataifuta bima.

Kesho yake nikamwita shemeji. Alikuja na kofia yake ya sufu, akakaa, akakataa sukari.

"Wafute," alisema.

"Shemeji, hebu nikueleze wakifuta inakuwaje. Kuikatisha bima mwenyewe ni jambo moja. Kufutiwa na kampuni ni jambo jingine. Ukifutiwa, kila kampuni utakayoiendea baadaye itakuuliza: umewahi kufutiwa? Nawe utajibu ndiyo, maana kudanganya hapo ni kosa. Wengi watafunga mlango papo hapo. Gari litakaa Tyseley. Na duka lenu, unajua mwenyewe linaendeshwa na kaskazini."

"Najua."

"Basi niambie linalala wapi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeweka ahadi, dada. Mtu kajisitiri. Nikimfunua mimi, nitamtazamaje Mungu?"

Neno lile la sitara lilinichoma, maana huwa ni neno jema, na nimeliona likitumiwa kufunikia mengi yasiyo mema. Nikamwambia mkewe analia. Sikuwa na hakika kama analia kweli, alikuwa anafoka zaidi, lakini nilisema. Akainamisha kichwa. Akakizungusha kikombe mezani. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akauliza:

"Ile miwani ilimfaa mama?"

"Miwani gani?"

"Ya mama yako. Ya kusomea. Aliniuliza kama ilifika haijavunjika."

Nilitua kalamu. "Nani alikuuliza?"

Naye akanitazama, akajua amekwisha kusema.

Miwani ile niliifunga mwenyewe ndani ya mtandio, mtandio nikautia kwenye kopo la biskuti, kopo nikalizungushia utepe. Sikumweleza mtu kilichomo, ila yule niliyemkabidhi amfikishie mama Unguja: mzee mmoja wa jamii yetu, siku tulipomuaga.

Kila mtu wa kwetu Birmingham anaikumbuka siku ile. Mzee alikuwa amefanya kazi kwenye karakana za Tyseley tangu ujanani, nyumba yake ya uzeeni ilikuwa imekamilika Unguja, na anarudi zake. Tulikodi ukumbi. Palikuwa na biriani, palikuwa na dua, wanawake walilia kama msibani. Mizigo ya kila mtu ilimwelemea. Na yeye, kwa furaha, akagawa makoti yake yote ya baridi, akisema huko aendako hayatakiwi. Moja, la kijivu, refu, lilimfikia mume wangu.

Baadaye mama alinipigia simu kusema kopo limefika, ila limeletwa na posta. Nilimwekea mzee kinyongo. Nilidhani amefika kwao akajiona mkubwa, hawezi tena kutembea mitaa miwili kumpelekea bibi kizee mzigo wake.

Kumbe hakufika. Shemeji alinieleza pole pole, akitazama mlango. Siku ya safari, masanduku yakiwa yameshafungwa, mzee alipata habari kwamba ile nyumba ndugu yake aliyemsimamia ujenzi ameshaiuza. Hakuwa na pa kufikia. Na kurudi kwetu hakuweza. Watu wameshamwombea dua, wameshamlilia, wameshavaa makoti yake. Aingie vipi msikitini Ijumaa inayofuata? Mizigo yetu aliipeleka posta, mmoja mmoja. Kisha akapanda basi la kaskazini mpaka mwisho wa barabara, akapata kazi ya kulinda kambi ya nyumba za likizo, zile ambazo wakati wa baridi hazina mtu. Shemeji alimkuta kwenye duka la kijiji kule akinunua maziwa, akiwa amejitanda blanketi.

"Kuna banda," shemeji alisema. "Analifungua, naliingiza gari, tunachomeka jokofu kwenye umeme, samaki hawaharibiki wala injini haigandi. Alfajiri ananiamsha kwa chai. Mwenye kambi anajua na karidhika. Ila mzee kaniapisha, hata mke wangu nisimwambie. Kwa hiyo nilikudanganya, dada."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwuliza maswali mengine. Banda lina kufuli? Lina. Ufunguo anao nani? Mlinzi. Gari linaingia lote? Lote.

"Shemeji, sikiliza vizuri. Swali lao ni gari linalala wapi. Hawajakuuliza mlinzi anaitwa nani, wala kwao wapi, wala kwa nini yuko huko. Tutawapa anwani ya kambi, tutawaambia gari hulala ndani ya banda lililofungwa, karibu na umeme, kwa idhini ya mwenye kambi. Na tutakiri kwamba mwanzo hatukusema. Huo wote ni ukweli. Na kwa bima, banda lenye kufuli ni bora kuliko maegesho ya wazi yenye theluji. Ungeniambia siku ile ile, tusingefika hapa."

"Kumbe ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Kampuni iliomba picha za kuthibitisha banda, tukazituma, na kabla ya Ijumaa jibu likaja: bima inaendelea. Nikampigia rafiki yangu kumpa habari njema. Hakushangilia.

"Wameridhika wao. Mimi je? Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Unajua au umeambiwa?"

"Najua."

"Basi kuna nani?"

Nikamwambia hilo amwulize mumewe. Ahadi ya shemeji ilikuwa imeshanishika na mimi.

"Ahaa," alisema. "Na wewe umo. Haya. Niandike dereva wa pili."

Ana leseni safi, na ni mshirika wa biashara. Sikuwa na sababu ya kumkatalia, na kusema kweli sikuitafuta. Nilipomwambia shemeji, alishika kichwa. Mwishowe akampigia mzee. Sijui walizungumza nini, ila alinirudia na jibu: "Kasema aje. Kasema kachoka kujificha kwa kuogopa midomo ya watu wawili watatu." Ni mzee huyo huyo aliyeniruhusu baadaye kuyaandika haya, ili mradi nisimtaje yeye wala kijiji.

Asubuhi ya safari nilikwenda yadi ya Tyseley. Moshi mweupe wa kiwanda cha taka ulikuwa umesimama wima kwenye baridi. Rafiki yangu alikuwa kwenye usukani, amejifunga mitandio miwili, uso umekunjwa. Nilimpa shemeji koti la kijivu. Mume wangu alilitoa kabatini bila kuuliza sana. Mikono yake ilikuwa ikipotea ndani yake miaka yote.

"Koti la nani hilo?" rafiki yangu aliuliza dirishani.

"La nyumbani."

"Mumeo mrefu hivyo tangu lini?" Akalitazama tena, kwenye kola, kwenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Akawasha gari.

Hakunipigia simu njiani wala huko. Waliporudi alikuja ofisini, safari hii akipanda ngazi taratibu. Akakaa bila kuambiwa. Akamimina chai mwenyewe.

"Nimemwona mke mwenzangu," alisema.

"Ehe?"

"Ana ndevu nyeupe na magoti yanamsumbua. Kaniona tu akaanza kulia, nami nikamlilia, bwana yule kasimama kati hajui ambembeleze nani." Akanywa. "Koti limemkaa. Lilikuwa lake, si hivyo?"

"Lake."

"Na watu wakiniuliza huko dukani?"

"Utasema nini?"

"Nitasema kule ni baridi." Akatazama nje, kwa upande wa stesheni. Kisha akafungua mkoba wake, akanionyesha fungu la majani ya tambuu, mabichi, yamefungwa kwenye kitambaa chenye maji.

"Haya ni ya safari ijayo, nimeyachagua mwenyewe," alisema. "Hivi unajua yule bwana muda wote alikuwa anampelekea yaliyonyauka?"