Rangi ya Kucha Chini ya Gia Boksi

Migdalia Ocasio alikuwa akishona sare za shule hapa mtaani kwetu, Guayama. Tangu mumewe Eleuterio afariki miaka sita nyuma, gari lao kuukuu la otomatiki halikutoka bandani, na ufunguo wa banda alikaa nao mwenyewe. Oktoba moja dada yake aliugua huko Ponce, naye Migdalia akaamua kulifufua ili aende kumuuguza.

"Oili ya gia itakuwa imeshaungua," alituambia, mimi jirani yake na shemeji yake Wenceslao. "Nitaibadilisha mwenyewe. Nilimshikia marehemu tochi mara ngapi?"

"Shemeji, leo utaoga oili," Wenceslao akamtania huku akipiga jeki.

"Afadhali mimi nioge. Wewe hata maji yanakushinda."

Akaingia chini na beseni na spana. Tukamsikia akilegeza boliti za sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi.

"Wence, ulifungua hapa?"

"Niingie humu kwa ufunguo upi?"

Oili ilikuwa ikimiminika nyekundu, angavu kama sharubati, si nyeusi ya kuungua. Filta ilikuwa nyeupe, mpya. Migdalia akatoka ameshika boliti moja. Eleuterio alikuwa na mazoea: kila boliti aliyoikaza aliitia tone la rangi ya kucha ya mkewe, ya buluu, asije akaisahau. Tone lilikuwepo. Migdalia akaligusa, kidole kikabaki buluu.

Rangi ilikuwa mbichi.

Wenceslao akafanya ishara ya msalaba, akarudi nyuma hadi barabarani. Mimi maneno yakanitoka: "Lakini kila Oktoba, mchana, huwa nasikia spana humu ndani. Nilidhani ni wewe."

"Kila Oktoba mimi huenda Ponce kwa dada, Obdulia."

Hakulia. Alirudi chini akafunga sampu kwa gasketi mpya, akamimina oili, akawasha injini na kupitisha gia moja baada ya nyingine, mguu kwenye breki. Zikaingia laini. Akapima, ikatosha.

"Ahsante, mzee," akasema kuelekea chini ya gari. "Sasa pumzika."

Akaenda Ponce, akamuuguza dada yake hadi akapona.

Oktoba iliyofuata hakusafiri. Aliketi bandani mchana kutwa na ushonaji wake, akisikiliza. Jioni nikampelekea kahawa.

"Kuna kitu?"

"Hakuna." Akaitazama sindano. "Nani alinituma nimwambie apumzike?"