Kunde za Wifi Lukresia

Nyanjige hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakuutafuta upendo wa mtu. Kwa miaka kumi na minne alipika chakula cha mchana kwenye soko la Bariadi, na chungu chake kilifuata shamba. Mvua zikinyesha, mlenda na majani ya kunde. Mahindi mabichi yakitoka, mahindi na boga. Kiangazi kikikaza, michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, anaichemsha na kuiunga kwa karanga. Aliyetaka pilau alioneshwa njia ya kwenda zake. Kila asubuhi aliwahoji wauza mboga kama askari wa kizuizini: umechuma lini, shamba la nani, katikati ya nini. Walimchukia kwa hilo, naye alijua, na hakupunguza hata swali moja.

Sababu alikuwa nayo. Zamani, pamba ilipokuwa ya ushirika peke yake, bwana shamba alitangaza siku ya kupiga dawa, kijiji kizima kikapiga pamoja, na kunde zilizopandwa katikati ya pamba hazikuguswa wiki mbili. Soko huria lilipoingia, dawa ikauzwa na kila mwenye duka, imepimwa kwenye chupa za soda, na kila mkulima akapiga siku aliyoipata. Watu wakaendelea kuchuma kunde kana kwamba bwana shamba bado anawahesabia siku.

Februari 1995, Lukresia, mke wa mdogo wake wa kiume, Mahona, alimletea tenga la kunde. Alisalimia mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa unyenyekevu ambao Nyanjige hakuwahi kuuamini. Majani yalikuwa mapana, laini, yanang'aa. Nyanjige aliyapekua akitafuta tundu la mdudu. Tenga zima halikuwa na jani hata moja lililoumwa.

"Mmepiga dawa lini?"

"Wifi, nimeyaosha mara mbili."

"Sijakuuliza kuosha."

Lukresia alijibu kwamba mambo ya dawa anayajua mwanamume, yeye kazi yake kuchuma. Hapo hasira zikampanda Nyanjige. Alilisukuma tenga kwa mguu hadi majani yakamwagika, akasema kwa sauti iliyosikika soko zima:

"Atakayekula haya ataanguka kabla ya jioni."

Lukresia aliokota majani yake akilia, akaenda kumuuzia Pelagia, mpishi wa jiko la pili, ambaye maishani mwake hakuwahi kuuliza mboga imetoka wapi. Wateja walisifu ulaini wa majani. Saa tisa, wapakuaji magunia wawili wakaanza kutapika na kutetemeka, mate yakiwatoka. Walipelekwa hospitali, wakapona siku ya tatu.

Sasa soko lilimlaumu nani? Aliyepiga dawa? Aliyepika? Thubutu. Walimkumbuka aliyesema. Kama alijua wataanguka, walinong'ona, basi anajua na mengine. Wakayatazama macho yake, mekundu kwa moshi wa miaka yote hiyo, wakapata walichokuwa wanakitafuta: macho ya mchawi. Upuuzi mtupu, na hakuna aliyeona aibu. Jiko la Pelagia likajaa, na benchi la Nyanjige halikukaliwa wiki nzima.

Nyanjige aliogopa. Alijua tetesi za namna hii huishia wapi katika nchi yetu, na alijua mtu mmoja tu wa kuzikata: Mahona. Neno lake moja mbele ya watu, kwamba alipiga dawa, lingetosha.

Mahona alikuja siku ya mnada, akasimama mbele ya jiko bila kuketi.

"Dada, ulijuaje?"

"Nilijua kwa sababu ulipiga dawa. Waambie ulipiga lini."

Watu walikuwa wanasikiliza. Mahona aliwatazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Mimi kunde sizijui. Hayo ni mambo ya wanawake."

 Nyanjige alipakua ugali na mlenda, akaiweka sahani mbele ya mdogo wake, kama alivyofanya tangu walipofiwa na mama yao na yeye akamlea. Mahona akasema ameshiba. Alikuwa ametoka kijijini alfajiri, kwa miguu, na tumbo lake lilisikika likinguruma. Nyanjige akaivuta sahani upande wake, akanawa, akaanza kula peke yake, soko lote likimtazama kama litaona kitu.