Taa za Dada Kabula

Sisi tuliokulia kijijini Didia kabla ya nguzo za umeme tunalijua giza kwa jina. Nyumba nzima ilikuwa na kibatari kimoja, na asubuhi tuliamka na masizi yake puani. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, tukacheza kombolela mpaka mama aite mara ya tatu, na kesho yake tukaenda shule peku, ufagio kwapani, kidumu cha maji mkononi. Siku hizi simu ya kijana ikiishiwa chaji, anakaa kimya kama amefiwa. Sisi chaji tuliipata juu ya paa: betri za redio zikichoka, tulizianika kwenye bati lenye jua kali, zikapata nguvu za siku mbili tatu.

Aliyejua mambo ya betri kuliko wote ni dada yangu Kabula. Alikuwa darasa la sita, mimi la tatu. Wasichana wenzake walisuka nywele za wanasesere wa magunzi. Yeye alikuwa na kopo la glopu za tochi na vipande vya waya.

Mkesha wa Krismasi mmoja, baba alifungua redio asikilize taarifa ya habari ya jioni. Kimya. Akaigeuza, akafungua mfuniko wa nyuma, ndani hamna kitu. Baba hakuwa mtu wa kelele. Akauliza tu, "Nani kachukua betri zangu?"

Kabula akasimama. "Ni mimi, baba. Ziko kanisani."

Mimi ndiye niliyeanza kulia. Baba akavaa kandambili, akashika njia ya kanisani, sisi nyuma yake. Kule, juu ya hori la nyasi walilotengeneza watoto, Kabula alikuwa amefunga glopu sita kwenye ufito. Akainama, akagusanisha waya mbili. Zikawaka, hafifu, rangi ya kiini cha yai. Nilikuwa nasubiri kofi. Baba akavua kofia, akakaa benchi la mbele.

"Habari nitazisikia kesho," akasema.

Leo Kabula ni mwalimu wa fizikia, anaishi Kambarage, mjini Shinyanga. Mimi nina duka la vitenge Katoro. Mayu, kama tunavyomwita mama yetu, bado yuko Didia. Kwa miaka mingi aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, mpaka masikio yalipoanza kuziba. Jumapili moja aliingia kwenye wimbo peke yake kabla ya wenzake, watu wakageuka kumtazama. Tangu hapo akahamia benchi la nyuma na kufunga mdomo. Kila tulipomsihi alijibu, "Nitawaharibia watoto wa watu."

Mwaka jana Kabula akanipigia simu. "Nitafutie hapo Katoro taa za mapambo, zile za mkanda, ambazo kila taa inaweza kuwaka kivyake." Nikadhani ana sherehe. Kumbe alikuwa na kompyuta ndogo ya watu wanaojifunza, inaenea kiganjani, haina kioo wala vitufe. Wiki kadhaa, akitoka kufundisha, alikaa kuiandikia maagizo mstari kwa mstari: taa ipi iwake, saa ngapi, kwa rangi gani. Siku ya kwanza zote ziliwaka nyekundu zikagoma kuzima. Akacheka, akafuta kazi yote, akaanza upya. Mwishowe akaiunganisha na kinanda cha kanisa la Didia. Taa nyeupe zilifuata mapigo ya wimbo. Zamu ya sauti ya pili ikikaribia, kijani kilipanda ukutani taratibu kutoka chini.

Asubuhi ya Krismasi wingu zito la mvua lilitia kanisa giza. Kabula akamshika Mayu mkono, akampeleka kwenye safu yake ya zamani, akamwambia sikioni, "Mayu, kijani kikifika juu, imba."

Ubeti wa kwanza hakufungua mdomo. Wa pili, midomo ilicheza bila sauti. Wa tatu kijani kikapanda, kikafika juu, na Mayu akaingia. Sauti ilikuwa imechakaa kidogo, lakini ilikuwa yake. Nilimtazama mwalimu wa kwaya. Hakugeuka, na hapo nikajua mama hajakosea. Kabula alikuwa amesimama kando ya kinanda, anafuta macho kwa mkono wa blauzi.

Enzi zetu mzee akipoteza masikio alisogezwa pembeni, akapewa kigoda na uji, tukapunguza kuzungumza naye. Bibi yetu, mama yake Mayu, alikaa hivyo mpaka alipofariki, na alikuwa mpenda hadithi kuliko sote. Hatukuwa wabaya, hatukujua tu la kufanya. Sasa kila Alhamisi Mayu anajifunga kitenge kizuri kwenda mazoezi ya kwaya. Nikisikia hivyo nafurahi sana, halafu namkumbuka bibi kwenye kigoda chake, anatutazama midomo.