Maji Chini ya Karo za Nkambo

Mvua zilipoanza, nkambo, mama yake mama yangu, aliteleza uani kwetu Ruashi. Alikuwa anatoka kuoga katika kibanda cha mabati, beseni mkononi, matope yakamwangusha. Mkono ulivimba, na kwa muda mrefu akawa analalia ubavu mmoja tu. Ndani ya nyumba kulikuwa na bafu, lakini lilikuwa la wazazi wangu, na mlango wake uko ndani ya chumba chao. Asili yetu ni Kasai, na kwetu mama mkwe haogi mahali anapooga mume wa binti yake. Hata kukutana naye koridoni, taulo begani, ni aibu. Nimeuliza kwa nini tangu nilipojua kuuliza. Jibu ni lile lile: mukwe ni mukwe.

Basi baba akaamua kugeuza stoo, iliyopakana na bafu lao, iwe bafu la nkambo. Mimi pia ningeoga humo, maana miaka yote nimeoga kibandani. Fundi alikuja, akaweka bomba, akapanga karo, yaani vigae vyeupe, sakafuni na ukutani. Siku ya kufungua, mama alipiga vigelegele koridoni kama tumepata mtoto.

Hazikupita wiki nyingi, mistari kati ya karo ikaanza kuwa myeusi. Kwanza kwenye kona ya ukuta unaopakana na bafu la wazazi, halafu ikatambaa kuelekea mlangoni. Asubuhi ungekuta maji membamba yamekaa pale konani, hata kama jana yake hakuna aliyeoga. Harufu ilikuwa ya ukungu na kitu kingine nilichoshindwa kukitaja. Nkambo aliingia mara mbili tatu, kisha akachukua beseni lake akarudi uani, kwenye yale yale matope. Tulipomuuliza, alisema sakafu ni ya baridi.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na fundi zaidi. Nilimpigia simu, akaja na mrija wa silikone, akaanza kupaka kona bila hata kuinama kuangalia.

"Ni mvula," alisema. "Ukuta iko nakunywa maji. Ngoja saison sèche, mvula ikiisha, itakauka yenyewe."

"Mbona ukuta wa inje iko mukavu?"

"Eh, l'intellectuel! Kule université banakufundisha karo?"

"Banatufundisha kuuliza."

"Basi uliza ukuta."

Silikone ilipendeza kwa siku chache. Halafu maji, yaliponyimwa kona, yakatokea katikati ya sakafu. Niligonga karo moja moja kwa ufunguo. Zilizo karibu na mlango zililia kwa sauti nzito. Zile za upande wa wazazi zililia kama kopo tupu, maana yake simenti ya chini ilikuwa imeachana nazo. Maji yalikuwa yanatoka chini, hayaingii kutoka juu. Kupaka kitu juu ilikuwa sawa na kumfunga mtu mdomo ukadhani umemponya.

Nikaanza kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Nilifunga valvu ya bafu jipya, nikakataza mtu kuingia, nikakausha sakafu kwa matambara. Kesho yake, maji. Kwa hiyo si bomba la kuleta maji, na si uogaji wetu. Ikabaki mvua ya fundi. Hapo wazazi wakaenda Lukafu kuangalia shamba lao la mahindi, wakakaa huko siku kadhaa. Mvua haikupumzika, barabara yetu iligeuka mto. Lakini kila nilipofungua mlango wa bafu la nkambo, sakafu ilikuwa inazidi kukauka na kuwa nyeupe. Wazazi walirudi jioni. Asubuhi baba akaoga, akaenda kazini. Nilikuta kona imelowa, na safari hii kulikuwa na povu.

Mchana nilichukua ndoo ya maji, nikaimwaga katika tundu la maji machafu la bafu la wazazi, nikakimbia upande wa pili. Mistari ya karo ilitoa mapovu madogo, kama wali unapoanza kuchemka. Fundi alikuwa ameunganisha bomba la kutolea maji ya nkambo na lile la wazazi chini ya sakafu, na kiungo kilikuwa kinavuja.

Niliingia jikoni nimejaa furaha ya mtu aliyepata jibu. Mama alikuwa anakata vitunguu.

"Mama, ile maji haiko ya nkambo. Ni ya kwenu. Papa akioga, inapita chini ya karo, inatokea kule."

Kisu kikasimama. "Ya papa yako?"

"Ya papa."

"Inafika kwa nkambo?"

"Ndiyo, njo naona vile."

"Funga kinywa. Usirudilie ile neno."

"Mama, ni maji tu!"

"Na miye najua ni maji! Unafikiri siyue maji?"

Baba alikuwa amerudi kutoka kazini, amefika mlangoni, mkoba bado mkononi. Baba hufundisha fizikia. Shuleni kwake kuna kizazi kizima kilichojifunza kwake mgandamizo wa vimiminika. Nilimngojea aulize mteremko wa bomba. Akauliza, "Nkambo alishaikanyaga?"

"Mara mbili tatu. Kule mwanzo."

Akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuweka mkoba chini.

Jioni ile aliziba tundu la bafu lake kwa matambara, akafunga mlango. Asubuhi nilimwona anavuka ua na taulo kuelekea kibandani. Nkambo alikuwa mlangoni, beseni mkononi. Alimwona, akageuza uso, akarudi chumbani kwake. Sasa baba alikuwa ameshika hata kibanda, na mahali ambapo mukwe anaoga, nkambo hawezi kuoga. Tulikuwa na mabafu mawili na kibanda kimoja, na mwanamke mzee anajipangusa kwa beseni kando ya kitanda chake. Yote kwa heshima! Nilitaka kumpigia mtu kelele, nikashindwa kuamua nani.

"Umeona kazi ya maulizo yako?" mama aliniambia.

Nilimrudisha fundi. Alivunja karo huku ananung'unika, na chini tukakuta bomba jembamba limeingizwa ndani ya bomba nene, nafasi iliyobaki imejazwa simenti na kipande cha mfuko wa plastiki. Fundi alilitazama kama limewekwa na mtu mwingine.

"Ilikuwa provisoire, ya muda tu," alisema.

Tulifunga tundu alilokuwa ametoboa kwenye bomba la wazazi kwa kiungo cha kweli na gundi. La nkambo tulilitoa peke yake, kupitia ukuta wa nje, hadi kwenye shimo lake jipya. Fundi alitaka kurudisha karo siku hiyo hiyo. Nilikataa. Simenti ya chini ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu, na kuifunika ilikuwa kuanza upya. Nyumba nzima ikanichukia: fundi, mama, hata baba, aliyekuwa anaoga kwenye mvua. Nilikuwa na haki, na haki yangu ilimweka nkambo kwenye beseni kwa siku nyingine nyingi.

Karo ziliporudi, niliziba tundu, nikajaza maji sakafuni, nikachora alama kwa kalamu ya risasi. Kesho yake yalikuwa pale pale kwenye alama. Nikamwita nkambo.

"Bwana yangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita anaponitania, "maji yangu inaenda wapi sasa?"

Nikampeleka nje, nikamwonyesha shimo.

"Na ya ule mukwe?"

"Upande ingine. Hazikutane tena."

Akaitikia kwa kichwa. "Nilijua. Ile maji ilikuwa nanuka sabuni yake ya dawa."

Ndicho kile kitu katika harufu nilichoshindwa kukitaja. "Nkambo! Ulijua tangu mwanzo? Na ukarudia kule kwenye matope? Sababu gani haukusema?"

"Niseme kwa nani? Mama yako angemwambia, naye angetoka mu nyumba yake aende kuoga inje." Akanitazama. "Haikufanyika vile?"

Nilikuwa na hoja za kumjibu, na bado ninazo. Angeweza kuvunjika nyonga kwa ajili ya sabuni. Lakini alikuwa ameshaingia ndani, na nikasikia komeo la bafu.

Nilibaki kwenye shimo kuangalia bomba. Maji yalianza kushuka, kidogo, halafu mengi.

"Ni nani iko pale?" sauti yake ilitoka kwenye kidirisha.

"Ni miye, nkambo. Niko naangalia maji kama inatoka muzuri."

"Mutoto bila haya! Maji ya nkambo njo unaangalia? Toka pale!"

Nikatoka.