Butembo, Hata Sindano Huonjwa Kwanza

Ndugu zangu, kuna siku vijana wa kanisa walinifuata kazini wakiwa na fimbo, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amelala sakafuni kanisani na watu wote wanasema nimempa sumu.

Mimi Jephté! Mtu anayeogopa hata kuku wa mama mkwe.

Tulieni niwaeleze.

Ilikuwa mwaka 2001, Butembo, vita imepamba moto. Siku hizo ukiona mtu na mzani ujue anapima njaa: watoto waliokonda, wakimbizi waliotoka Luofu na godoro kichwani. Mara akatokea Daktari Ananie wa Beni. Huyu alitaka kupima wanene.

Siwatanii. Alikuwa anafanya utafiti juu ya unene na ugonjwa wa sukari, ile aina inayomjia mtu mzima polepole bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa nesi, akanichukua nimsaidie.

Mji ulitucheka mpaka basi.

"Infirmier, batu bako nakufa na njaa, weye uko napima matumbo?"

Lakini walikuja, tena kwa foleni! Kitambi wakati wa vita kilikuwa heshima, kilionyesha kwamba duka lako bado lina mali. Akina mama walipanda mzani wamevaa vitenge vitatu vitatu ili wasiaibike. Mzee mmoja nilimkuta na jiwe mfukoni.

Shida ikawa kutoboa kidole. Hapo kila mtu alikumbuka ana sufuria jikoni.

Sasa, mama mkwe wangu, Mama Orpa, aliuza samaki wa chumvi, makayabo, na yeye ndiye aliyekuwa na sauti pale sokoni. Akikubali yeye, soko zima linakubali. Halafu mke wangu Eliane alikuwa hapati usingizi kwa ajili yake. Mama yake mnene, anakunywa maji kutwa nzima, na dada wa mama huyo alishakatwa mguu kwa sababu ya sukari.

"Jephté, upime mama," aliniambia. "Hata kwa nguvu."

Kwa nguvu! Kwetu mkwe hakai benchi moja na mama mkwe. Leo nimshike kidole nimtoe damu?

Nilikwenda. Nikasimama mbali kidogo na meza yake, macho chini, mashine mkononi.

"Mama, tunaomba damu kidogo tu, ya kuangalia sukari."

Akanitazama. Akaitazama sindano.

"Bokilo," yaani mkwe, "ile sindano umeonja?"

Nieleze hapo. Kwetu anayekuletea kinywaji hunywa yeye kwanza, wewe ukimwangalia mpaka ameze, ndipo unapokea. Watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Lakini sindano?

"Mama, sindano hapana kuonjaka."

"Kitu yote inaingia mu mwili ya mutu inaonjwaka. Anza weye."

Soko likapiga makofi. Ningefanyaje? Nikajitoboa kidole, nikaweka damu kwenye mashine, nikatabasamu kama daktari mkubwa.

Mia tatu na kitu.

Mtu mwenye afya hafiki hata mia mbili. Nikaipiga mashine kofi. Nikarudia kidole kingine. Mia tatu na kitu.

Nikampima yeye. Sukari yake ilikuwa safi kama ya binti! Na yale maji ya kutwa nzima? Bibi wa watu alikuwa anaonja chumvi ya samaki tangu asubuhi mpaka jioni, asinywe maji kwa nini?

"Mukuje muone!" Mama Orpa alipaza sauti. "Docteur ya sukari, ye mwenyewe iko na sukari!"

Nilicheka nao. Lakini nilikuwa nafikiria miguu niliyoiona ikikatwa.

Daktari Ananie hakunionea huruma hata kidogo.

"Usiku unaamuka mara ngapi kwenda kukojoa?"

"Mara nyingi, Docteur. Nilizani ni baridi ya Butembo."

"Na ile tumbo?"

"Ile ni bugali ya Eliane."

"Bon. Utafiti yetu imepata mugonjwa. Ni muchunguzi."

Akanipa masharti: bugali ipungue, chai bila sukari, kutembea kila siku, na vidonge. Vidonge sasa! Butembo havikuwepo. Vilipatikana Beni, vikishushwa na ndege pale Mavivi, na barabara ya Beni ilikuwa na vizuizi vya askari wanaopenda kila kitu kilichofungwa vizuri.

Ndipo Mama Orpa akasema yeye hupanda Beni kufuata samaki, ataleta. Alivifunga kwenye nailoni akavizika katikati ya gunia la makayabo. Askari gani ataingiza mkono humo? Vidonge vilinifikia salama, vikinuka ziwa lote. Nikimeza, paka wa jirani ananifuata.

Jambo moja tu lilinishangaza. Kila paketi ilifika imefunguliwa, kidonge kimoja hakipo.

"Ni basoda, bale askari," nilimwambia Eliane. "Hata kidonge wanakata kodi."

Tukacheka, tukasahau.

Sasa turudi kwenye zile fimbo.

Siku hiyo kanisa lao lilikuwa limefunga kuombea amani. Hakuna kula, hakuna kunywa. Mama Orpa alikuwa amerudi kutoka Beni jana yake, na asubuhi, mlangoni mwa kanisa, akampa Eliane paketi yangu. Katikati ya maombi akaanza kutoka jasho, mwili unatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Watu wakafurahi, wakidhani Roho ameshuka. Wakamwimbia kabisa.

Halafu akaanguka.

Rafiki yake, Mama Jokébed, akapiga kelele: "Asubuhi aliniambia amekula dawa ya bokilo yake!"

Basi. Mkwe, dawa, mama mkwe chini. Nani angengoja maelezo? Vijana wakanibeba juujuu mpaka kanisani, mmoja ameshika kola yangu kama amenunua shati.

Nilipomwona nikaelewa. Jasho baridi, macho yanazunguka. Kidonge cha kushusha sukari, kwenye tumbo lililofunga, kwa mtu asiye na ugonjwa! Sukari yake ilikuwa imeshuka mpaka chini, na akiendelea vile atakufa hapo mbele yetu. Eliane alikuwa amempakata kichwa, ananiangalia. Yale macho sitayasahau.

"Leteni sukari! Sukari na maji, haraka!"

Kanisa zima limefunga, lakini kwa pasta sukari ilipatikana upesi ajabu. Sitasema zaidi.

Nikakoroga glasi nzito. Nikainama nimnyweshe. Fimbo ikanizuia kifuani.

"Onja kwanza," kijana akasema.

"Miye niko na diabète! Hapana kunywaka sukari!"

Jamani, nilitamani nirudishe yale maneno. Uso wake uliniambia: ndiyo, sumu hiyo imethibitika.

"Onja!" kanisa likaitikia, kwa sauti moja, kama amina.

Nikanywa. Mafunda matatu makubwa, sukari tupu. Nawaambia ukweli, ilikuwa tamu. Mama mkwe anakufa, fimbo iko kichwani, na mimi ulimi wangu unafanya sikukuu.

Wakaniangalia koo. Sikuanguka. Wakaniachia glasi.

Mama Orpa bado alikuwa anaweza kumeza. Nikampa kidogo kidogo, Eliane akimfuta jasho. Nikaomba, mimi ambaye kanisani huwa nasinzia. Nilimwomba Mungu asinichukulie huyu mama, maana nilikuwa nampenda na sikuwahi kumwambia.

Jasho likakauka. Macho yakatulia. Akatazama dari, akamtazama Eliane, halafu akaniona mimi na glasi mkononi, midomo imejaa sukari.

Neno lake la kwanza lilikuwa kali.

"Nani alimupa bokilo yangu sukari? Munataka kumuua?"

Yule kijana mwenye fimbo akajifanya anafagia.

Nikamuuliza mbele ya wote: "Mama, juu ya nini ulikula dawa yangu?"

"Naonjaka kila paketi," akasema, bila aibu. "Ile dawa inapita mu mikono ya batu mingi. Kama iko mbaya, ijulikane mbele hapana kufika kwako."

"Kila paketi?"

"Siku ingine nakula bugali nyuma ya kidonge. Leo kulikuwa kufunga."

Kumbe askari nimewasingizia bure!

"Lakini Mama, kama ingekuwa sumu?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto.

"Miye nimezeeka. Eliane iko na batoto kidogo, na anakupenda. Nani alipashwa kuikula?"

Nililia, ndugu zangu. Mwanaume mzima, mbele ya washirika wote, mikono inanata sukari. Mama Orpa akawaambia watu watoke, mkwe wake asionekane hivyo.

Wiki iliyofuata Daktari Ananie alikuja Butembo, akamkalisha Mama Orpa chini na kumweleza dawa ile inafanya nini mwilini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali kuliko wanafunzi wa nesi. Kisha akaleta soko zima kupimwa, na tulipata wagonjwa ambao wasingejua mpaka vidonda vingewaambia.

Somo langu ni hili. Nenda kapime sukari, hata kama suruali bado inafunga. Dawa ya mtu ni ya mtu huyo, usiimeze hata kwa upendo. Na ukiandikiwa vidonge, usinyamaze navyo. Waeleze watu wa nyumbani kwako vinafanya nini, kwa sababu kati yao yupo aliye tayari kufa mahali pako, na wewe humjui.